Zuhura, Chumba Hicho Kinatosha

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mpwa wangu Zuhura,

Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujaguswa, alhamdulillahi. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza wote, maana mama yako ndiye aliyeishika simu na hakutaka kuniachia. Ningeweza kukujibu kwa njia hiyo hiyo, ila mimi nikizungumza kwa simu nasahau nusu ya niliyokusudia. Nimeona niandike.

Nianze na la fedha, usije ukasoma karatasi zote hizi ukilisubiri. Fedha ya kuhamia vyumba viwili sitatuma. Si kwamba sina. Kazi ya milango mwaka huu imekwenda vizuri. Lakini kodi ya miezi sita ya vyumba viwili huko mbali ulikokuona, ukijumlisha na nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo kila siku, itakumaliza. Utakuwa unafika nyumbani usiku, umesimama daladala nzima, na hicho chumba cha pili utakitumia kuwekea viatu. Hiyo ni hesabu tu, wala haihitaji barua. Kilichonifanya nikae chini ni lile neno ulilolisema katikati, kwa haraka haraka, kana kwamba halina ubishi: kwamba ukipata nafasi ndipo utaanza kuchora ya kwako, na kwamba sasa hivi, kwenye chumba cha futi 10 kwa 12 chenye godoro, jiko la gesi, ndoo mbili na begi, hakuna kitu kinachokujia kichwani.

Hapo mimi na wewe tunagombana.

Wewe uko Dar es Salaam, na picha za Tingatinga umeziona mpaka umezichoka. Uliwahi kuniambia zote zinafanana. Nyingi zinafanana kweli, zinachorwa kwa ajili ya mgeni anayewahi ndege. Lakini mrudie aliyezianzisha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaja mjini kutafuta maisha kama walivyokuja wengi, akafanya kazi za mikono. Ilipofika mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai, hakuwa na rangi za wachoraji, na chumba cha kuchorea ndiyo usiseme. Alikuwa na hadibodi, ile ile tunayogongelea dari, iliyokatwa mraba wa kama futi 2 kwa 2, na rangi ya mafuta ya kopo ambayo watu walinunua kupaka milango na baiskeli. Picha zikiuzwa nje ya Morogoro Stores, kule Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Hesabu mwenyewe: alichora kwa miaka minne tu, na hii leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake.

Sasa watazame wale wanyama wake wa mwanzo kwa jicho la kazi, usiwatazame kwa jicho la mpita njia. Mnyama mmoja, kibao kimoja. Amekijaza chote. Shingo inapinda kwa sababu kibao kimefika mwisho, mkia unarudi mgongoni kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Nyuma yake ni rangi moja tu, imetandazwa. Mimi nimepaka rangi ile kwenye milango ya watu tangu ujana wangu, najua tabia yake: inang'aa, inakauka taratibu, na ukijaribu kuichanganya juu ya ubao upate kivuli laini inakuchafulia kazi. Inachotaka ni kulazwa bapa, ikauke, kisha uweke doa au mstari juu yake. Nikiziangalia picha zile naona mtu aliyekiuliza kibao na kopo kwanza, kisha ndipo akachora. Angepewa turubai kubwa na rangi za bei mbaya, sijui kama tungempata mnyama wa namna ile.

Nikupe na jingine, hili nililishika kwa mikono yangu. Nilipokuwa kijana nilikwenda Lamu na kundi la mafundi kukarabati milango na dari za nyumba za zamani. Nyumba zile ni za matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Mkoko haukupi mti mrefu ulionyooka kadiri unavyotaka. Boriti ikizidi kipimo chake inalegea katikati, na uzito wa zege la chokaa juu yake si mdogo. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa mikokoni, kabla tajiri hajasema anataka nini. Ni mita 2 na nusu, au kuzidi kidogo tu. Urefu ulikuwa juu yako, upana hapana. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini zikapelekwa Uarabuni na Ghuba, na huko nako vyumba vikafuata upana wake.

Fikiria ni nani waliokaa humo. Walikuwa wafanyabiashara wenye vyombo vya Kichina, wenye hariri, wenye majahazi yao. Fedha ya chumba kipana walikuwa nayo, boriti ya kukifunika hawakuwa nayo. Basi wakakigeukia kile chembamba wakakifanyia kazi. Katika chumba cha mwisho kabisa, kinachoitwa ndani, wakautoboa ukuta kwa zidaka: safu juu ya safu za vijishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, vya kuwekea vyombo, vitabu, na chochote cha thamani. Ona ujanja wake. Kidaka hakili hata inchi moja ya sakafu. Kimechimbwa ndani ya unene wa ukuta ambao ulikuwapo tayari. Na kwa kuwa vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka uani, mwanga unapungua kadiri unavyoingia, hadi unapofika huko mwisho ni mchache sana. Lakini vile vina vya zidaka vinaudaka huo mchache, kila kimoja na kivuli chake, na ukuta unaonekana kuwa na kina ambacho hauna. Nilikaa humo mchana mmoja nikisubiri chokaa ikauke, nikatoka nikiwa fundi mwingine. Fundi wetu mkuu alikuwa mzee wa Shela, na tukimlalamikia wembamba wa vyumba hakuwa na jibu refu. Alikuwa akisema, "Boriti imeshasema," kisha anaendelea na kazi.

Kwa hiyo sikubali kwamba ubunifu unasubiri nafasi. Mara nyingi unaanzia pale nafasi inapokwisha. Hata wabunifu wa kanga, kipimo chao ni kile kile tangu bibi zetu: pindo, mji na jina, basi, na kila msimu wanakuja na jipya. Na kama unataka mfano wa hapo hapo mjini kwako, nenda Mikocheni, Nafasi Art Space, ukaone wasanii wanaofanyia kazi ndani ya makontena ya meli. Kontena lina upana wa futi 8. Ni kile chumba cha Lamu, kimerudi kwa bati.

Najua utaniambia nini, maana una mdomo wa mama yako. Utasema mjomba unasifu shida. La, na hapa nataka tuelewane vizuri.

Palikuwa na Mzungu mmoja, msanifu wa majengo, aliyeitwa Le Corbusier. Ukienda chuo watakusomesha habari zake hadi uchoke. Alizaliwa Uswisi, akawa raia wa Ufaransa, akachora majumba makubwa, na kule India alishiriki kupanga mji mzima, Chandigarh. Mtu huyo mwaka 1952 alijijengea kibanda cha mbao kando ya bahari, kusini mwa Ufaransa, mahali panapoitwa Roquebrune-Cap-Martin. Kila upande mita 3.66, yaani futi 12 kwa 12, na kwenda juu mita 2.26 tu, mtu mrefu anaigusa dari kwa mkono. Chumba chako kimepungukiwa futi mbili, tena upande mmoja. Ndani aliweka vitanda viwili, meza moja dirishani, sinki la kunawia, kabati, na choo nyuma ya pazia. Viti ni maboksi ya mbao, na inasimuliwa kwamba wazo lake lilitoka kwenye kreti ya wiski iliyotupwa ufukweni na mawimbi. Mbao zilikatwa na kuunganishwa kwanza kwenye karakana kisiwani Corsica, kisha zikaletwa zikiwa tayari. Hilo, kama seremala, nalipenda kuliko nyumba zake zote kubwa. Tangu mwaka 2016 kibanda kile kimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Sasa sikia wasichokisema wanaokisifia. Jiko halimo. Halimo kwa sababu ukutani kuna mlango, na upande wa pili wa mlango huo palikuwa na mgahawa wa jirani yake, na ndiko alikokula. Na Paris alikuwa na nyumba yake ya kukaa, kubwa. Kibandani alikuwa mapumzikoni. Udogo wa kuchagua si ndugu wa udogo wa kulazimishwa. Hapo mtaani kwako kuna chumba kama chako wanalala watu sita, baba, mama na watoto, na hao hawana mtindo wa maisha, wana shida. Mtu akikuandikia kwamba uhaba ni uzuri, muulize jana amelala wapi. Wewe lakini uko peke yako, una mshahara, una mlango unaofungwa kwa ufunguo. Ndiyo maana nathubutu kukuambia haya wewe, nisingemwambia jirani yako.

Na mlango wa mgahawa hata wewe unao, sema hujautazama hivyo. Nyumba uliyopanga, kwa jinsi ulivyonieleza, ni ile ile tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma kwenye bomba na jiko na choo, baraza mbele. Aliyeubuni mpango ule hakukusudia mtu aishi ndani ya chumba. Chumba ni cha kulala na kuhifadhi. Kupika, kufua, kuzungumza, kushona, kusuka nywele, yote yana mahali pake nje ya mlango wako. Wewe umeliingiza jiko chumbani, umeingiza ndoo, umeingiza na kamba ya nguo, kisha unalalamika hakuna nafasi! Najua mmekorofishana na yule mpangaji mwenzio kuhusu zamu ya kufagia uani. Mwombe radhi, hata kama huna kosa. Ukipatana naye utaongeza nafasi ambayo kwa kodi ungeilipia sana.

Zile picha za vyumba vyeupe unazonitumia, zenye kitanda kimoja na ua moja kwenye chungu, sizidharau. Anayezipiga anajua mwanga. Ila jiulize mopa iko wapi. Jiulize sufuria iko wapi, na kanga iliyolowa. Kila picha ile ina stoo nyuma yake. Ukikitazama chumba chako kwa kupitia hiyo, utakiona kibaya kila siku, na utasubiri kingine mpaka uzeeke.

Vitazame hivyo ulivyo navyo. Kuna mama mmoja amezaliwa Unguja mwaka 1954, Lubaina Himid, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alipewa Tuzo ya Turner, ambayo kule ndiyo tuzo yao kubwa ya sanaa, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kanga zimo sana kwenye kazi zake, ungezipenda. Lakini ninayotaka kukutajia ni ya mwaka 2007. Alinunua vyombo vya zamani vya mezani, sahani, mabakuli, majagi, vilivyokwisha kutumika, jumla vipande 100, akavichora juu yake watu: mabwana na mabibi wa mji wa Lancaster uliotajirika kwa biashara ya utumwa, na Waafrika waliotumikishwa. Alipaka juu ya maua yaliyokuwapo, mengine akayaacha yachungulie. Jambo zito kiasi hicho, juu ya sahani ya kulia. Ameshachora hata ndani ya droo za makabati yaliyotupwa. Unaivuta droo unakutana na uso wa mtu.

Na Nairobi yuko Cyrus Kabiru, aliyekulia mkabala na jalala la Dandora. Yeye hutengeneza miwani kwa mabati, waya na takataka nyingine. Kipimo chake ni uso wa mtu, hakizidi. Baadhi zinanichosha kidogo kwa madoido, lakini kazi zake za baiskeli aina ya Black Mamba nazikubali bila masharti, labda kwa kuwa baba yangu aliendesha moja hadi alipoingia kaburini.

Sikuambii uchore sahani, wala utengeneze miwani. Hizo zina wenyewe. Nakuuliza tu: dukani kwenu mnakochapa mabango, mkishakata moja, mabaki yanakwenda wapi? Yale mapande ya fleksi, ncha za stika, herufi zilizokosewa, rangi iliyochapwa vibaya mteja akaikataa. Unayakanyaga kila siku. Ni ya rangi kali, hayapitishi maji, yanakunjika, yanashonwa hata kwa cherehani. Sijaona mtu anayeyatazama. Mwombe tajiri yako uyachukue kabla hayajatupwa. Atafurahi kupunguziwa takataka. Chagua kipimo kimoja, tuseme futi 1 kwa 1, na usikibadilishe mpaka Ramadhani iingie. Usitafute maana, usimwonyeshe mtu. Kata, panga, bandika, bandua. Mimi si mchoraji, sitakufundisha zaidi ya hapo, lakini huo ndio uanafunzi niliofundishwa mimi: mbao ile ile, kiungo kile kile, hadi mkono unapojua kabla ya kichwa.

Jambo moja la afya, nalo si la mjadala. Rangi ya mafuta na gundi zenye harufu usizifungulie chumbani usiku ukalala nazo, na usizisogeze karibu na gesi. Ukizitaka, fanyia barazani mchana. Chumbani tumia rangi za maji. Nimeona mafundi wenzangu walivyoharibika vifua.

Sasa nije kwenye nitakachokutumia badala ya fedha. Nakutengenezea meza ya ukutani, ya kukunja. Futi 4 kwenda upande, futi 2 kutoka ukutani. Juu ni plaiwudi nzuri, kingo nazizungushia mninga uliobaki kwenye mlango wa watu wa Raskazone, kwa hiyo usiniulize bei. Nyuma yake kuna sanduku jembamba, kina inchi 4, lenye vishubaka vya brashi, mikasi, rula na karatasi. Ukiifunga, meza inasimama na kulifunika sanduku, haitokezi hata shubiri, na uso wake wa nje nauacha bila vanishi ili ubandike kazi yako uione ukiwa kitandani. Ukiifungua, miguu miwili inashuka yenyewe kwa bawaba. Chini yake ndoo zinaingia. Zidaka za Lamu siwezi kukutumia kwa basi, hii ndiyo niwezayo.

Godoro lako kama ni la 3 na nusu kwa 6, lisogeze kona ya mbali na dirisha. Dirisha ni la meza. Watu hupenda kulaza kitanda dirishani kwa ajili ya upepo, na wakikosa mwanga wa kufanyia kazi wanasingizia chumba. Lile kabati la zipu mpe mwenye shida nalo. Nguo zako si nyingi hivyo.

Mzee Shabani wa hapa karakanani ananikumbusha nikuambie umuulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Akikataa niambie mapema, nitaifunga kwenye fremu ya kusimama sakafuni. Mama yako anasema jiko la gesi likienda uani ulifunge mnyororo, na bibi anauliza kama huko Mwananyamala mchele wa Kyela wa kweli unapatikana au mnauziwa majina tu. Mdogo wako amepasi mtihani wa muhula, amekuwa wa nne, anataka simu, mjibu wewe.

Meza nitaianza Alhamisi. Kabla ya hapo nahitaji kutoka kwako: urefu wa ukuta kati ya mlango na dirisha, kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa dirisha, ukuta ni wa tofali au wa udongo uliopigwa lipu, soketi iko wapi. Pima kwa futi ya chuma, si kwa ile ya kitambaa ya mshonaji, inavutika. Na mlango wako unafungukia ndani au nje? Hilo hukulisema, na ndilo litakaloamua bawaba naziweka upande gani.

Wasalaam,
Mjomba wako, Omari